Hatuweki Nakala

Kwako mdogo wangu Sindano,

Pokea salamu za kaka yako, zingali na moto. U hali gani? Cherehani inasemaje, na mgongo unaiinamia bado au umeanza kuidai haki yake? Na Kifungo wetu, bado analala na rula chini ya mto akisema ni ya kumpigia mwizi? Mwambie mjomba wake anasema rula haitoshi, atamletea komeo. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi linalia kabla sijaliuliza, na macho, ambayo yanaona mambo ya zamani vizuri kuliko sahani iliyo mbele yangu. Binti yangu, yule anayekuita shangazi hata akiwa usingizini, ndiye aliyekuletea bahasha hii pamoja na kisanduku cha bati chenye kufuli. Hilo kufuli usihangaike nalo kwanza. Soma mpaka chini, ufunguo utaukuta mwisho. Nakujua, wewe ni yule aliyekuwa akifungua zawadi kabla ya kuitikia salamu.

Najua unajiuliza huyu mzee kaingiwa na nini, kuchafua karatasi zote hizi kwa kalamu wakati tuna lile sanduku letu la barua pepe ambalo hata malaika lazima abishe hodi. Vumilia. Mimi ni mtu wa darasa la sita, na hilo la sita lenyewe niliondoka mwalimu akiwa bado anaandika ubaoni, kwa hiyo barua yangu huenda kwa miguu. Lakini itafika.

Mambo yalianza Jumatatu moja, sasa ni wiki ya tano. Binti alirudi kutoka kwenye dirisha lake la dawa pale hospitali, hakuvua hata viatu, akaniambia, baba, tunahama. Nikamuuliza nianze na godoro au na jiko. Akasema si nyumba, ni sanduku la barua. Tunaihama ile kampuni.

Si haja nikukumbushe, lakini nakukumbusha, maana wazee tumepewa ruhusa hiyo. Wakati ule ulipokuwa bado kwa shemeji Mkaguzi, aliyekuwa akikagua pochi yako, simu yako, na nadhani hata sufuria asije mtu akawa amejificha chini ya kifuniko, binti ndiye aliyetufungulia masanduku mawili, moja lako na moja langu. Alinieleza akiwa amekaa juu ya meza yangu ya kazi, karibu na jiriwa ninayobania vyuma. Alisema barua yako inafungwa na kufuli ndani ya simu yako kabla haijatoka, na inafunguliwa ndani ya yangu ikishafika. Huko katikati kampuni inabeba bati lililofungwa, na yenyewe haina ufunguo. Nikamwambia hao ni watu wangu. Miaka arobaini na saba nachonga funguo za watu, na juu ya mlango wa duka langu kuna kibao cha kitambaa ulichonishonea wewe mwenyewe kwa uzi mwekundu kabla sijapata mtu wa kukipaka rangi: HATUWEKI NAKALA. Nikikuchongea ufunguo, unaondoka nao, na mimi nabaki na vumbi la chuma tu.

Miaka minne ukaniandikia. Kila ulipomaliza kuandika ulifuta kwako, usiache hata punje, ndipo ukarudi nyumbani na uso wa mtu aliyetoka kununua vitambaa. Na uliniambia maneno ambayo nayakumbuka kama jina langu: kaka, nitunzie hizo barua, lakini asizione mtu wala asizinakili mtu, hata wewe, ziache zilale mle mle. Nikaapa kwa tupa yangu ya kuchongea.

Sasa Jumatatu ile binti akanieleza kashfa. Mwalimu mmoja, mteja wa kampuni hiyohiyo, aliandika juu ya kiwanda kinachomwaga uchafu mtoni. Wakubwa wakachukia, wakaenda mahakamani, mahakama ikaiamuru kampuni itoe ilicho nacho. Kampuni ikatoa. Barua hazikutolewa, kwa sababu haziwezi kufunguliwa, ila ikatoa anwani nyingine ya mwalimu, ile aliyoiandika siku ya kwanza ili akisahau nywila akumbushwe. Wakubwa wakaifuata anwani ile kama mbwa anayefuata mfupa, wakamkamata mwalimu.

Mimi nikaanza kuwatetea. Nilimwambia binti, unamkumbuka yule askari aliyekuja dukani akimuulizia mtu mrefu aliyenunua makufuli mawili? Nilimjibu kwamba ndiyo, alinunua, na anakaa nyuma ya kinu cha unga. Ningefanyaje, nimeze ulimi? Lakini alipotaka ufunguo nilimwonyesha kibao, akainua macho, akasoma, akaondoka. Je, mimi ni msaliti? Binti alinitazama kwa yale macho anayowatazamia watu wanaotaka dawa bila cheti. Akasema tofauti ni moja tu, baba. Kibao chako kinasema huweki nakala, na kweli huweki. Chao kilisema hawamjui mteja, kumbe anwani yake walikuwa nayo kwenye droo ya pili. Na aibu ilipowapata hawakuomba radhi, walikipaka rangi kibao kimyakimya na kuandika maneno mengine.

Hapo nilikohoa. Binti alifikiri ni vumbi la chuma, akanipa maji. Kikumbuke kikohozi hicho, Sindano, tutakirudia.

Akanipa mpaka mwisho wa mwezi. Alisema nizitoe barua zako zote, tuzihamishie kampuni nyingine aliyoichunguza, halafu tuwaage hawa. Nikasema nitafikiria. Alicheka, akaniambia neno nitafikiria kinywani mwangu lina maana sawa na kesho kinywani mwa fundi seremala.

Lakini mimi, kabla ya kuhama au kubaki, nilifuata kanuni ya kazi yetu: ukisikia maneno maneno mtaani, kwanza badilisha kitasa, ndipo uulize. Asubuhi iliyofuata nikabadilisha nywila. Na usidhani niliweka tarehe ya kuzaliwa kama watu wasio na kazi. Nilichukua ufunguo ambao haujachongwa, nikauchonga meno pande zote mbili, sita huku, sita huku, kila jino na kina chake, kuanzia kina cha kwanza hadi cha tisa. Tarakimu kumi na mbili, na hizo ndizo nywila! Sikuandika popote. Nikautundika ukutani kati ya funguo mia mbili, nikakaa chini, nikajisifu. Mwizi gani wa mtandao atakuja kupima meno ya ufunguo kwenye msumari wangu?

Mwizi hakuja. Alikuja mama muoka mikate wa duka la tatu. Siku hiyohiyo mchana aliingia mbio, unga mpaka kwenye kope, ufunguo wake umekatikia mkononi na mikate imo tanurini, nyuma ya mlango uliofungwa, moshi unatoka chini. Alikuwa akinitukana mimi kwa kosa la chuma. Nikaokota kipande cha ufunguo wake, nikanyoosha mkono ukutani, nikachukua wa kwanza uliofanana nao umbo, nikaubana kwenye jiriwa, nikaupitishia tupa. Dakika nne! Mlango ukafunguka, mikate ikaokoka, isipokuwa ya safu ya nyuma. Akanikumbatia, nikabaki mweupe kama mzimu. Nilikwenda nyumbani nikipiga mluzi.

Ijumaa ukanipigia simu. Ukasema wakili wako anazihitaji barua zote za miaka minne, zenye tarehe, kwa sababu siku ya shauri Mkaguzi atakuja na shati lililopigwa pasi, atasema hajawahi hata kupandisha sauti, na kwamba Kifungo akakae kwake mwenye vyumba vitatu kuliko kwako mwenye kimoja. Nikakujibu kwamba mtandao unasumbua, nitakutumia kesho. Kesho yake nikasema hivyohivyo. Na kesho kutwa.

Mdogo wangu, mtandao haukuwa na kosa lolote. Nilikudanganya. Ulipokuwa bado unaongea siku ile ya kwanza nilikwenda ukutani kuchukua ufunguo wangu, msumari ulikuwa mtupu.

Nilikwenda kwa mama muoka mikate nikamwomba aniazime ufunguo wake niutazame. Meno saba yalikuwa bado yangu, matano tupa ilikuwa imeyala. Na chuma kilicholiwa na tupa hakirudi. Nilijaribu kubahatisha, sanduku likanivumilia mara chache, kisha likanifungia kabisa kama mke aliyechoka. Ikanibidi nimwambie binti. Alisimama, akakaa, halafu akakaa chini kabisa sakafuni. Alicheka mpaka akashika ubavu. Fundi wa makufuli kajifungia nje! Alisema atakitundika kibao cha pili. Halafu akakumbuka ni barua za nani, na kicheko kikakatika kama umeme.

Tukawaandikia kampuni kwa kupitia sanduku lake. Nilieleza kwa unyenyekevu kwamba mimi ni mwenye mali, nifungulieni. Akajibu mtu wa dawati la msaada, kwa adabu nzuri sana, kwamba wanaweza kunipa sanduku jipya kwa jina lilelile, ila barua za zamani zimefungwa kwa nywila ya zamani na wao hawana njia ya kuzifungua. Nikaandika tena, nikasema mimi ni mzee na sina siku nyingi. Akajibu ananitakia afya njema, lakini haiwezekani. Mimi nikampa jina, Bibi Haiwezekani, maana kwa ustaarabu ule nilijua ni mwanamke. Barua ya tatu nilimtisha kwa wakili. Ya nne nilimwahidi kwamba nitamtengenezea mkubwa wake kitasa ambacho hakuna mwizi aliyezaliwa atakifungua. Ya tano sikutania. Nilimwambia kuna mtoto wa miaka sita na shauri la mahakamani.

Jibu la barua ile lilichelewa siku mbili. Binti alinisomea polepole. Bibi Haiwezekani aliandika kwamba ameipeleka barua yangu kwa mafundi wao na kwa mkubwa wa mafundi, na kwamba amesikitika kuliko anavyoruhusiwa kuandika. Akasema, mzee wangu, hata zingekuwa barua za mama yangu mzazi, na mimi nikiwa peke yangu chumbani na mashine zote, nisingeweza kuzifungua. Kama ningeweza kukufungulia wewe, ningeweza kumfungulia na yule unayemkimbia.

Sindano, nimekataliwa na watu wengi, pamoja na wasichana wawili uliokuwa ukiwapelekea salamu zangu ukizila njiani. Sijawahi kupenda kukataliwa kama nilivyopenda kule. Nilimwomba binti anisomee mara tatu. Watu wote magazetini wanabishana kama kampuni ile ni ya kweli au ya uongo, na hakuna mwenye ushahidi. Mimi ninao! Nimewabembeleza, nimewatisha, nimewalilia, na kufuli lao halikutikisika. Ile ni kazi ya mikono safi. Walikosea kuhusu kibao, sikatai, na namna walivyokipaka rangi kimyakimya ni aibu. Lakini kufuli, kufuli ni kufuli. Miaka arobaini na saba nimekuwa nikitafuta kitasa ambacho aliyekitengeneza mwenyewe hawezi kukifungua, na nimekipata siku kilipofungia barua zako.

Kwa hiyo ndani ya nyumba yetu sasa kuna vyama viwili. Binti kahama. Anasema mwenye kufuta maneno kimyakimya leo, kesho atafuta na kufuli, na mimi namstahi kwa hilo. Wangapi katika dunia hii wanahama kwa ajili ya mwalimu wasiyemjua? Mimi nimebaki. Nimechukua lile sanduku jipya, tupu kama tumbo la Jumatatu, na nywila yake safari hii sikuichonga. Tunaandikiana kutoka kampuni mbili tofauti tukiwa tumekaa kwenye kochi moja.

Sasa tukirudie kikohozi.

Binti aliposema kibao changu kinasema siweki nakala na kweli siweki, nilikohoa kwa sababu si kweli. Macho yangu na ile herufi ndogo ya simu havielewani. Na wewe unajua kusoma kwangu, mimi ni kama mtu anayevuka mto kwa mawe, nikikosa jiwe moja naanza upya ng'ambo. Barua yako ya kwanza niliisoma siku nzima, sikuielewa. Nikachukua daftari la mistari, nikainakili neno kwa neno kwa kalamu, na nilipokuwa nikiandika ndipo maneno yakaanza kuingia. Nikafanya hivyo kwa ya pili. Nikafanya kwa zote. Mia moja na kumi na nne, pamoja na tarehe zake, na saa zake, na hata makosa yako ya kuandika, maana sikujua kama ni makosa. Madaftari matatu. Niliapa kwa tupa kwamba hakuna atakayenakili, kumbe kalamu ilikuwa sikioni.

Na unajua niliyaweka wapi? Kampuni ile imeweka barua zako nyuma ya kufuli ambalo halifunguki. Mimi, fundi, niliyaweka kwenye bati la biskuti chini ya meza, pamoja na vitasa vibovu, bila hata komeo. Wateja wamekaa juu yake wakisubiri funguo. Mkaguzi mwenyewe alikuja dukani mwaka juzi akijifanya anataka kufuli la geti, akakalia siri zako zote nusu saa, nami namchongea. Nilikuwa natoka jasho mpaka kwenye viatu. Kwa hiyo ukitafuta aliyeivunja ahadi, usiende mbali. Ni mimi, si wao.

Nilinyamaza wiki zote hizi kwa sababu nilitaka Bibi Haiwezekani aniokoe, ili nikutumie barua zako safi kutoka sandukuni na usijue kamwe. Aliponikatalia ndipo nikabaki na aibu yangu peke yake mkononi. Nikampigia wakili wako. Nilimuuliza kana kwamba ni habari ya jirani: jirani akinakili barua kwa mkono, mahakama itazitazama? Akasema nakala ya mkono ni dhaifu, isipokuwa aliyenakili asimame mwenyewe, aape, aseme alizipokea lini, alinakili vipi na kwa nini, na akubali kuulizwa maswali mpaka achoke. Akauliza kama huyo jirani anaweza kusimama. Nikamjibu goti moja linamsumbua, lakini atasimama.

Madaftari yamo kwenye kisanduku. Nakuonya mambo mawili. Pembeni mwa kurasa nimeandika maoni yangu kuhusu shemeji, na neno fisi limejirudia mara kumi na saba. Mara moja nimewaomba radhi fisi. Hakimu akitaka kuyasoma na hayo, ayasome. La pili, katika daftari la pili, ile barua ya mkono wako ulivyobanwa na mlango wa jiko, wino umetapakaa. Binti akiuliza, mwambie ni mafuta ya mashine.

Na kuna jambo ambalo sikuwahi kukuambia kwa sababu kukuambia kungenifichua. Nilikuwa sijui kusoma, mdogo wangu, nilikuwa najua kutambua. Wewe ndiye uliyenifundisha. Barua ile uliyoeleza jinsi ulivyomfundisha Kifungo kuhesabu kwa vifungo vya mashati ya watu, huku unamsikiliza mtu akipanda ngazi, niliinakili mara mbili. Hiyo ya pili haikuwa na sababu. Nilikuwa naona raha tu kuiandika kwa mkono wangu. Sikujua kama ukoo wetu una mtu anayeweza kuogopa hivyo na bado akaandika sentensi iliyonyooka.

Barua ni zako. Ukiona niliyoyafanya hayavumiliki, yachome madaftari, sitauliza kitu. Ukiamua kuyapeleka, yapeleke. Ukiyachoma au usipoyachoma, Alhamisi ijayo saa mbili asubuhi nitakuwa kwenye mlango wa mahakama nimevaa koti la harusi ya binti, lile ambalo kifungo kimoja unanidai nikishone. Nikiitwa nitasema mbele ya watu wote kwamba mimi, fundi asiyeweka nakala, niliweka. Wateja watasikia. Wengine watapeleka makufuli yao kwa yule mpiga domo wa ng'ambo ya barabara. Na waende.

Kibao sikukipaka rangi. Nimewaona waliopaka kimyakimya, sikupenda. Nimepanda ngazi leo asubuhi, binti akiishikilia na kunitukana, nikaongeza maneno matatu chini yake kwa rangi nyekundu inayolingana na ule uzi wako. Sasa kinasomeka: HATUWEKI NAKALA, ISIPOKUWA MARA MOJA.

Mama muoka mikate amekisoma, akaniuliza ni ufunguo wa nani. Nikamwambia asubiri Alhamisi.

Mbusu Kifungo kwenye paji la uso, mara mbili, ya pili ni ya goti langu. Isalimie cherehani. Kata nyuzi ulizoziacha zikining'inia, kula vizuri, na ukiwa na hasira nami zihifadhi mpaka tuonane, nizipokee nikiwa nimekaa.

Ufunguo wa kisanduku nimeubandika hapa chini kwa gundi. Nimechonga huo mmoja tu. Ukiupoteza, usinipigie.

Ni mimi kaka yako,
Mzee Tupa